Kutoka Kikokotoo hadi Kiganjani: Jinsi Mikroprosesa Ilivyoifikisha Kompyuta Nyumbani

Mwaka 1970 kompyuta ilikuwa mali ya serikali, jeshi, benki, chuo kikuu au kampuni kubwa. Miaka 12 baadaye, familia ya kawaida nchini Uingereza iliweza kuinunua kwa pauni 125, kuichomeka kwenye televisheni ya sebuleni na kumwachia mtoto wa shule aanze kuiamuru. Mabadiliko makubwa namna hiyo, ndani ya muda mfupi namna hiyo, ni nadra katika historia ya vyombo vya kazi.

Makala hii inasimulia yaliyotokea kati ya miaka hiyo na jinsi matokeo yake yalivyotufikia sisi. Mengi yameandikwa kuhusu mabilionea waliotokana na kompyuta. Mimi nashikilia jambo jingine: kilicholeta mageuzi ni bei iliyoshuka hadi mfukoni mwa mtu wa kawaida, pamoja na mashine iliyokuwa tayari kupokea amri za mnunuzi tangu ilipowashwa. Vyote viwili vilihitajika, na kwetu cha pili bado hakijafika.

Kabla ya chipu

Kompyuta za mwanzo zilijengwa kwa vali za kioo, zile zile zilizokuwa ndani ya redio za zamani. ENIAC, iliyoonyeshwa kwa umma huko Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na vali zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi. Vali zilikula umeme mwingi, zilitoa joto kali na ziliungua mara kwa mara. Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa katika kikosi cha William Shockley, walifanikiwa kutengeneza transista ya kwanza. Transista ilifanya kazi ya vali kwa umeme kidogo na ilidumu zaidi. Ndiyo iliyozaa redio ndogo za betri zilizofika hadi vijijini kwetu, na ndiyo iliyoanza kuipunguza kompyuta mwili.

Kikwazo kilichobaki ni kuziunganisha. Kompyuta moja ilihitaji maelfu ya transista, na kila moja ilipaswa kulehemiwa mahali pake. Mwaka 1958 Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha kwamba saketi nzima inaweza kujengwa juu ya kipande kimoja. Mwaka uliofuata Robert Noyce wa Fairchild alipata njia ya kuifanya kwa silikoni na kuizalisha kwa wingi. Hapo ndipo chipu ilipozaliwa. Mwaka 1965 mwenzake Noyce, Gordon Moore, aliandika kwamba idadi ya vijenzi ndani ya chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka, na kwamba hali hiyo ingeendelea.

Pamoja na hayo, kompyuta bado ilikuwa kabati. PDP-8 ya kampuni ya Digital, iliyotoka mwaka huo huo wa 1965, ilisifiwa kwa udogo na unafuu, nayo iliuzwa dola 18,000. Tanzania nayo ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka huo, katika Wizara ya Fedha. Kote duniani hali ilifanana: mashine ndani ya chumba maalumu, waendeshaji wachache, na raia ambaye aliona kazi yake kwenye karatasi ya mshahara tu.

Ombi kutoka Japani

Julai 1968 Noyce na Moore waliondoka Fairchild wakaanzisha kampuni yao, Intel, huko California. Nia yao ilikuwa kutengeneza chipu za kumbukumbu. Wakiwa bado wachanga na wenye uhitaji wa fedha, mwaka 1969 walipokea kazi kutoka Busicom, kampuni ya vikokotoo ya Japani. Busicom ilimtuma mhandisi kijana, Masatoshi Shima, pamoja na wenzake, wakiwa na michoro ya chipu kadhaa, kila moja na kazi yake: hii ya kusoma vitufe, ile ya kuendesha kichapishi, nyingine ya hesabu.

Ted Hoff wa Intel aliitazama michoro hiyo akaona kuwa kampuni haina watu wa kuitekeleza. Akapendekeza njia nyingine: ijengwe chipu moja ya jumla inayofuata maelekezo, na maelekezo yenyewe yahifadhiwe kwenye chipu ya kumbukumbu. Ni sawa na mtu kuacha kununua mashine moja ya kushona mashati na nyingine ya kushona suruali, akanunua cherehani moja na kuamua mwenyewe leo anashona nini. Akisaidiwa na Stanley Mazor, Hoff aliichora familia ya chipu nne, na mojawapo ya chipu hizo ilikuwa ubongo wa mfumo mzima: hiyo ndiyo mikroprosesa. Busicom ilikubali.

Lakini wazo lilibaki kwenye karatasi hadi Aprili 1970, Intel ilipomwajiri Federico Faggin, Mtaliano aliyekuwa ameongoza utengenezaji wa aina mpya ya transista za silikoni huko Fairchild. Siku chache baada ya Faggin kuanza kazi, Shima aliwasili kutoka Japani kukagua maendeleo, akakuta hakuna kilichofanyika. Hasira zake zilimwangukia mgeni huyo wa Intel, ambaye hakuwa na kosa lolote. Wakamaliza ubishi, wakaketi pamoja, na kwa miezi kadhaa wakachora saketi hiyo mstari kwa mstari kwa mkono.

Mwishoni mwa Desemba 1970 visahani vya kwanza vya silikoni viliwasili kutoka kiwandani. Faggin aliweka sindano za kupimia juu ya chipu ya kwanza: kimya. Ya pili: kimya. Alipozichunguza kwa darubini aligundua kwamba kiwandani walikuwa wameruka hatua nzima, tabaka moja la saketi halikuwekwa kabisa. Wiki kadhaa baadaye, Januari 1971, vilikuja visahani vingine. Alijifungia maabarani peke yake hadi usiku wa manane, akipima ishara moja baada ya nyingine, na kila moja ikawa sahihi. Katika ukingo wa chipu hiyo aliacha herufi mbili ndogo za jina lake, F.F., kama msanii anavyotia sahihi mchoro wake.

Chipu hiyo iliitwa 4004. Ilikuwa na transista 2,300 kwenye eneo la milimita 3 kwa 4, na ilishughulikia biti nne kwa wakati mmoja. Ilianza kazi ndani ya kikokotoo cha Busicom 141-PF. Kwa mujibu wa mkataba, Busicom pekee ndiyo ingeitumia. Ila Wajapani hao waliishiwa fedha, wakaomba bei ipunguzwe. Intel ikakubali, ikawarudishia dola 60,000, nayo ikapata haki ya kuiuza chipu hiyo kwa wengine. Tarehe 15 Novemba 1971 tangazo lake lilitoka katika gazeti la Electronic News. Dola 60,000 hizo ni miongoni mwa fedha zilizotumika vizuri kuliko zote katika historia ya viwanda.

Haki itendeke pia kwa wengine. Ray Holt na wenzake walikuwa wametengeneza mfumo wa chipu kwa ajili ya ndege ya kivita ya Marekani, F-14, kufikia mwaka 1970, ila kazi yao ilibaki siri ya jeshi hadi mwaka 1998. Huko Texas Instruments, Gary Boone naye alikuwa akifuata njia inayofanana. Tofauti ni kwamba 4004 iliuzwa kwa yeyote mwenye fedha, na hilo ndilo lililofungua mlango.

Bei inaporomoka

Aprili 1972 Intel ilitoa 8008, ya biti nane, iliyotokana na kazi ya kampuni ya mitambo ya ofisini huko San Antonio, Texas. Aprili 1974 ikafuata 8080, yenye kasi zaidi na uwezo wa kufikia kilobaiti 64 za kumbukumbu. Chipu moja iliuzwa dola 360. Motorola nayo ilileta ya kwake, 6800. Faggin alikuwa ameondoka Intel kuanzisha Zilog pamoja na Ralph Ungermann. Shima akamfuata, na mwaka 1976 wakatoa Z80, iliyoweza kuendesha programu za 8080 na kuipita kwa mengi.

Aliyevunja ukuta wa bei ni Chuck Peddle. Akiwa Motorola alizunguka kwa wateja kuinadi 6800, na kila alikokwenda alisikia neno lilelile: chipu nzuri, bei haibebeki. Alipowashauri wakubwa wake watengeneze ya bei rahisi, walimkataza. Mwaka 1974 aliondoka na wahandisi kadhaa, akiwemo Bill Mensch, wakaenda MOS Technology huko Pennsylvania. Wakaipunguza saketi, wakaondoa yasiyo ya lazima, na kiwanda chao kikawa na ustadi wa kurekebisha makosa ya michoro hivi kwamba chipu chache zaidi ziliharibika.

Septemba 1975 waliipeleka chipu yao, 6502, kwenye maonyesho ya WESCON huko San Francisco. Waandaaji walikataza kuuza bidhaa ukumbini, kwa hiyo wanunuzi walielekezwa kwenye chumba cha hoteli. Mezani waliikuta mitungi ya kioo iliyojaa chipu, kila moja kwa dola 25. Wengi walidhani ni utapeli. Kabla maonyesho hayajaisha, Intel na Motorola zilishusha bei. Miongoni mwa walionunua chipu hiyo ni mfanyakazi wa Hewlett-Packard aitwaye Steve Wozniak.

Taa, swichi na redio

Kabla ya hapo, katika mji wa Albuquerque, New Mexico, Ed Roberts alikuwa katika madeni. Kampuni yake, MITS, iliuza vikokotoo vya kujiunganishia, na vita vya bei vilikuwa vimeimaliza. Akaamua kucheza karata ya mwisho: kuuza kompyuta nzima kama sanduku la vipuri, mnunuzi alehemu mwenyewe. Alizungumza na Intel akauziwa 8080 kwa dola 75 badala ya 360. Toleo la Januari 1975 la jarida la Popular Electronics liliiweka mashine hiyo, Altair 8800, kwenye jalada. Bei yake ilikuwa dola 397. Roberts alitarajia oda mia chache, akapokea maelfu.

Tuitazame kwa karibu. Altair haikuwa na kibodi wala kioo cha kuonyesha maandishi. Mbele ilikuwa na safu ya swichi na vitaa vyekundu. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, yaani herufi 256, zisizotosha hata kuhifadhi aya hii. Kuipa programu kulimaanisha kupandisha na kushusha swichi kwa kila baiti, moja baada ya nyingine, na ukikosea unarudia. Jibu lilitoka kwa vitaa kuwaka na kuzima.

Machi 5, 1975, wapenzi wa mambo hayo walikutana katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, wakaanzisha klabu iliyoitwa Homebrew. Wiki chache baadaye mwanachama mmoja, Steve Dompier, alileta Altair yake mkutanoni. Akainama, akabofya swichi kwa muda mrefu, kisha akaweka redio ndogo juu ya sanduku. Redio ikaanza kutoa wimbo wa Beatles. Dompier alikuwa amegundua kwamba mawimbi yanayovuja kutoka ndani ya saketi yanasikika redioni, akaandika programu ya kuyapanga yawe muziki. Ukumbi mzima ulisimama kushangilia. Mashine isiyo na kazi yoyote ya maana ilikuwa imefanya jambo ambalo walioitengeneza hawakulifikiria. Kwangu mimi, jioni hiyo ndiyo ushahidi bora wa kile kilichokuwa kinaanza.

Jarida lile liliwafikia pia vijana wawili katika mji wa Cambridge, Massachusetts: Paul Allen na Bill Gates. Waliandika lugha ya BASIC kwa ajili ya Altair bila kuwa na Altair yenyewe, wakiiigiza tabia ya 8080 ndani ya kompyuta ya Harvard. Lugha hiyo ilikuwa imebuniwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz wa chuo cha Dartmouth, makusudi ili wanafunzi wasiosoma sayansi nao waweze kuandika programu. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo ni Microsoft.

Mwaka wa mashine tatu

Wozniak alitumia 6502 yake kujenga kompyuta iliyoitwa Apple I. Rafiki yake Steve Jobs akaona biashara, na mwaka 1976 wakauza takriban 200 kwa dola 666.66 kila moja. Bado ilikuwa bodi tupu kwa mafundi. Mwaka uliofuata zilitoka mashine tatu zilizokamilika, za mtu kuwasha na kutumia. Apple II, kuanzia dola 1,298, ilikuwa na rangi na nafasi za kuongezea kadi. Commodore PET ilikuwa na kioo, kibodi na kaseti katika umbo moja. TRS-80 ya Tandy, yenye Z80, iliuzwa pamoja na kioo chake kwa dola 599.95 katika maduka ya Radio Shack yaliyotapakaa Marekani nzima.

Kwa miaka miwili watu waliuliza zinafaa nini. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa jibu: VisiCalc, daftari la hesabu linalojikokotoa lenyewe. Ukibadilisha namba moja, jumla zote zinabadilika. Wahasibu na wafanyabiashara walianza kununua Apple II kwa ajili ya programu hiyo moja. IBM ikaona soko linaipita. Agosti 12, 1981 ikatoa PC yake yenye Intel 8088 na mfumo wa Microsoft, kuanzia dola 1,565. Hiyo ndiyo ikawa kompyuta ya ofisi. Ya nyumbani ilifuata njia nyingine, na sura yake nzuri zaidi iliandikwa Uingereza.

Taifa linajifunza

Clive Sinclair alikuwa na imani moja: punguza bei hadi watu washindwe kukataa. Mwaka 1980 ZX80 yake iliuzwa chini ya pauni 100. Machi 1981 ZX81, yenye kilobaiti moja tu ya kumbukumbu, ilishuka hadi pauni 69.95. Aprili 1982 ikaja ZX Spectrum yenye rangi, sauti na vitufe vya mpira: pauni 125 kwa kilobaiti 16, na 175 kwa kilobaiti 48. Zaidi ya milioni tano ziliuzwa.

Kioo chake kilikuwa televisheni ya familia, na hazina yake ya programu ilikuwa redio kaseti ya kawaida. Mtoto aliingiza kaseti, akaweka sauti kwenye kiwango alichokijua kwa uzoefu, akabonyeza kitufe cha kucheza. Ikasikika mluzi mrefu, kisha mkwaruzo mkali, huku michirizi ya rangi ikikimbia pembezoni mwa kioo. Mchezo mkubwa ulichukua dakika tano hivi kuingia. Ikitokea hitilafu dakika ya nne, alirudisha kaseti nyuma na kuanza upya. Wasio na fedha za kaseti walinunua majarida yaliyochapisha programu kurasa kwa kurasa, wakaziandika kwa vidole vyao herufi kwa herufi, kisha wakatafuta wapi wamekosea. Kutafuta kosa ndiko kulikowafundisha.

Serikali na shirika la utangazaji nao hawakukaa pembeni. Filamu ya BBC ya mwaka 1978 ilikuwa imewashtua Waingereza kwamba mikroprosesa itafuta ajira nyingi na nchi haijajiandaa. BBC ikaamua kufundisha umma kwa televisheni, na ikahitaji mashine ya kufundishia. Kampuni ndogo ya mji wa Cambridge wa Uingereza, Acorn, ilipewa siku chache kuonyesha inachoweza. Mkuu wake, Hermann Hauser, alimwambia Sophie Wilson kwamba Steve Furber anasema inawezekana, kisha akamwambia Furber kwamba Wilson anasema inawezekana. Walianza Jumatatu, na Ijumaa asubuhi mashine ilikuwa inafanya kazi. BBC Micro, yenye 6502 ndani, ilitoka mwishoni mwa 1981, vipindi vya televisheni vikaanza Januari 1982, na serikali ikachangia nusu ya gharama kwa shule. Zaidi ya milioni moja ziliuzwa.

Ukiwasha mashine yoyote kati ya hizi, hukupokewa na picha za kuchagua. Ulipokewa na alama ndogo inayosubiri amri. Mistari miwili ya BASIC ilitosha: wa kwanza kuiamuru iandike jina lako, wa pili kuiamuru irudie bila kikomo. Kizazi kizima kilijua, kabla ya kubalehe, kwamba kompyuta ni kitu kinachotii. Matthew Smith aliandika mchezo wa Manic Miner akiwa na miaka 17. David Braben na Ian Bell, wanafunzi wa Cambridge, waliingiza makundi ya nyota ya Elite ndani ya kilobaiti 32 za BBC Micro mwaka 1984. Huko Helsinki, Linus Torvalds alianzia kwenye Commodore VIC-20 ya babu yake, na mwaka 1991 akaanzisha Linux, ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android.

Programu hewani

Hata mahali ambapo kununua kompyuta kulikuwa kugumu, watu walipata njia. Nchini Yugoslavia sheria za uagizaji ziliwazuia wananchi kuingiza mashine za bei kubwa. Mwaka 1983 Voja Antonić alibuni kompyuta yenye Z80 ambayo mtu angeweza kuiunganisha nyumbani. Michoro yake, Galaksija, ilichapishwa katika toleo maalumu la jarida lenye jina hilohilo, na maelfu ya watu wakaijenga. Kwenye Redio Belgrade, mtangazaji Zoran Modli alizirusha programu zenyewe hewani: mkwaruzo ule ule wa kaseti, dakika kadhaa, wasikilizaji wakirekodi majumbani na kisha kuziingiza kwenye mashine zao. Wengine waliandika za kwao wakazipeleka redioni zitangazwe. Hapakuwa na intaneti wala matajiri wa kuwafadhili. Kulikuwa na redio, kaseti na chuma cha kulehemu.

Vita na anguko

Jack Tramiel, mwanzilishi wa Commodore, alizaliwa Łódź, Poland, akanusurika kifo katika kambi ya Auschwitz, akahamia Amerika na kuanza na ukarabati wa taipureta. Mwaka 1976 aliinunua MOS Technology, akawa anajitengenezea chipu mwenyewe. Agosti 1982 alitoa Commodore 64, yenye kilobaiti 64 na chipu ya muziki iliyobuniwa na Bob Yannes, kwa dola 595, na akaendelea kushusha bei. Inahesabiwa miongoni mwa kompyuta zilizouzwa kwa wingi kuliko zote. Texas Instruments, ambayo mashine yake ilianza kwa dola 525 mwaka 1981, ilijikuta ikiiuza kwa dola 99, na Oktoba 1983 ikajiondoa sokoni. Tramiel mwenyewe alitoka Commodore Januari 1984. Sinclair aliuza biashara yake ya kompyuta kwa Amstrad mwaka 1986 kwa pauni milioni tano. Commodore ilifilisika mwaka 1994. PC na nakala zake zilichukua ofisi na kisha nyumba, na kile kioo kinachosubiri amri kikafunikwa na picha za kubofya.

Mjukuu wa BBC Micro

Acorn haikuondoka mikono mitupu. Mwaka 1983 Wilson na Furber walikuwa wakitafuta mikroprosesa mpya. Walimtembelea Bill Mensch huko Arizona, wakakuta chipu zinachorwa katika nyumba ya kawaida na kundi dogo lenye wanafunzi wanaotumia Apple II. Wakarudi na ujasiri: kama hawa wanaweza, nasi tunaweza. Wilson alibuni seti ya amri chache na rahisi, na kielelezo cha chipu hiyo kiliandikwa kwa BASIC kwenye BBC Micro.

Chipu ya kwanza ya ARM iliwasili Aprili 26, 1985, ikafanya kazi siku hiyo hiyo. Furber alipopima umeme unaotumika, mita ilisoma sifuri. Waya wa umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa inaendeshwa na mabaki ya umeme yaliyopenya kupitia nyaya za mawasiliano. Ulaji huo mdogo, ambao mwanzoni ulitafutwa ili kuokoa gharama ya vifuniko, ndio uliohitajika zilipokuja simu za mkononi. Mwaka 1990 ARM ikawa kampuni inayojitegemea, ikishirikiana na Apple, na mwishoni mwa miaka ya 1990 muundo wake ukaingia ndani ya simu za Nokia. Leo karibu kila simu mkononi mwa Mwafrika Mashariki ina mikroprosesa ya ukoo huo.

Na sisi je?

Kompyuta za nyumbani zilipita bila kutufikia. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa 8080, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mradi wa kuendesha hesabu za serikali kwa mashine hizo kwenda mrama. Uamuzi huo ulikuwa na sababu: mashine za wakati huo zilimeza fedha za kigeni na kuitegemeza nchi kwa wageni. Ila uliendelea kusimama wakati bei ilipokuwa ikianguka kutoka maelfu ya dola hadi chini ya 100. Hata bila marufuku, mashine zilizohitaji televisheni zingefanya nini Tanzania Bara, ambako televisheni ilianza mwaka 1994? Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, lakini katika nyumba chache.

Kwa hiyo tuliruka darasa. Machi 2007 M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilizinduliwa Kenya, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na dunia ikaja kujifunza kwetu. Tunastahili kujivunia. Lakini programu yake ya kwanza iliandikwa na kampuni ya Kiingereza yenye makao karibu na Cambridge, mji ule ule wa Acorn. Sisi tulileta mawakala na mamilioni ya wateja. Walioiamuru mashine walikuwa wengine, na wengi wao wa rika lililokulia kwenye alama ile inayosubiri amri.

Hilo linarekebishika. Mwaka 2012, huko huko Cambridge, Eben Upton na wenzake walitoa Raspberry Pi, kompyuta ya dola 35 yenye chipu ya ARM, kwa sababu waliona wanafunzi wanaokuja chuoni hawajui tena kuandika programu. Nayo inachomekwa kwenye televisheni, kama Spectrum. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha somo la kuandika programu katika shule za msingi na sekondari. Hatua hiyo iigwe, na ipewe fedha, umeme na walimu, maana mtaala peke yake haufundishi mtu.

Historia ya mikroprosesa haisemi kwamba werevu ulizaliwa California au Cambridge. Inasema kwamba mashine rahisi na wazi, ikiwekwa mbele ya vijana wengi bila masharti, huzaa mafundi ambao hakuna aliyewapangia. Waziri anayepanga ushuru wa vifaa, mwalimu mkuu anayefungia kompyuta kabatini zisiharibike, mzazi anayemnunulia mtoto simu ya kutazamia video: kila mmoja ana uamuzi mikononi mwake. Wapeni watoto mashine wanayoweza kuiamuru, muwaruhusu wakosee, na muwape muda wa kutafuta kosa. Gharama yake leo ni ndogo kuliko wakati wowote uliopita.